Mbio za baiskeli: usiingie kwa miguu ya mwaka juzi

Katika Usukuma baiskeli si kitu kigeni. Imebeba magunia ya pamba, ndoo za maji, mahindi ya kusaga na hata wagonjwa wa kupeleka zahanati. Mjini Shinyanga baiskeli zimebeba abiria, na watu wakaziita daladala. Hapa Maganzo, kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, mtoto hujifunza baiskeli akiwa bado anapitisha mguu chini ya mtaimbo kwa sababu siti hajaifikia.

Lakini siku hizi pikipiki zimeingia kila kijiji. Wengi waliokuwa wakipanda baiskeli kila siku sasa wanapanda bodaboda. Baiskeli imeegeshwa nyuma ya nyumba, tairi hazina upepo. Halafu inatangazwa kwamba siku ya sikukuu kutakuwa na mbio za baiskeli na mshindi atapewa mbuzi. Hapo kila mtu anaitoa baiskeli yake na kuifuta vumbi.

Utamsikia baba wa miaka 45 akisema, "Mimi nishindwe na hawa vijana? Mimi nilikuwa nakwenda Shinyanga na kurudi na gunia nyuma!"

Ni kweli alikuwa akifanya hivyo. Lakini ilikuwa lini?

Makala hii inaeleza mambo matatu. Kwanza, mwilini kunatokea nini mtu anapoingia mbioni bila mazoezi. Pili, afanye nini ili ajiandae. Tatu, kama siku imeshafika na hajajiandaa, ashindane namna gani bila kujiumiza.

MBIO ZENYEWE NI ZA NAMNA GANI?

Kuna mbio za lami na kuna mbio za njia za kijijini. Hizi za kijijini ni ngumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Unatoka kwenye njia ngumu, unaingia luseni, yaani mchanga. Gurudumu linazama. Ukitoka hapo unakuta mbuga, ule udongo mweusi. Wakati wa kiangazi mbuga ina nyufa na mabonde madogo. Wakati wa mvua inanata kama ulimbo. Magurudumu yanajaa udongo mpaka hayazunguki. Hapo hakuna njia ila kushuka na kuibeba baiskeli begani.

Sisi tunaona hayo ni taabu ya kila siku. Lakini Ulaya wameyafanya kuwa mchezo wenye mashindano ya dunia. Mchezo huo unaitwa saiklokrosi. Ulianza Ufaransa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wapanda baiskeli walikuwa wakipita mashambani wakati wa baridi ili wasipoteze nguvu zao. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mjini Paris mwaka 1950. Aliyeshinda ni Mfaransa Jean Robic. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1947, alikuwa ameshinda mbio kubwa za kuizunguka Ufaransa.

Katika saiklokrosi washindani huzunguka njia fupi mara nyingi. Njia hiyo ina matope, mchanga na vilima. Pia huwekwa mbao za kuruka. Mshindani hushuka, huweka baiskeli begani, hukimbia nayo, kisha hurukia siti na kuendelea. Mbio zote huchukua kama saa moja tu. Lakini saa hiyo moja ni ngumu sana, kwa sababu mwili haupati nafasi ya kupumzika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayebeba baiskeli kuvuka mbuga anafanya jambo ambalo wenzetu wanalifanyia mazoezi mwaka mzima.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Fikiria jiko la mkaa. Mkaa ukiwepo na hewa ikipita vizuri, moto unawaka sawasawa. Ukiziba hewa, moto unafifia na moshi unajaa.

Misuli ya miguu ni kama jiko hilo. Mkaa wake ni chakula ulichokula. Hewa yake inaingia kwa mapafu, inabebwa na damu, na damu inasukumwa na moyo. Mtu akiwa amekaa, moyo wake husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika moja. Anapokazana mbioni, moyo wa mtu mwenye mazoezi unaweza kusukuma lita 20 au zaidi kwa dakika. Moyo wa mtu asiye na mazoezi husukuma kidogo zaidi ya huo. Unapiga haraka sana, lakini kila pigo linasukuma damu kidogo.

Sasa tazama yanayotokea. Filimbi inalia. Watu wanapiga vigelegele. Baba wa miaka 45 anakanyaga kwa nguvu zake zote, naye yuko mbele! Anafurahi. Baada ya dakika mbili au tatu mapaja yanawaka moto. Pumzi inakata. Kifua kinapanda na kushuka. Misuli inataka hewa nyingi kuliko ile ambayo moyo na mapafu vinaweza kuleta. Basi anapunguza mwendo ghafla, na vijana wanampita mmoja baada ya mwingine.

Watu watasema amelogwa. Hapana, hakulogwa. Ametumia katika dakika tatu nguvu ambazo zingemtosha nusu saa. Wahenga walisema, kutangulia si kufika.

Jambo la pili ni joto. Misuli inapofanya kazi inatoa joto. Mwili hujipoza kwa jasho. Aliyezoea mazoezi hutoka jasho mapema na kwa wingi, kwa hiyo mwili wake unapoa. Ambaye hajazoea hupata joto haraka zaidi. Jua la Shinyanga la saa 7 mchana nalo linaongeza.

Jambo la tatu: nguvu ya kazi moja si nguvu ya kazi nyingine. Mchimbaji anayeshinda na sururu ana mikono na mgongo wa chuma. Mkulima anaweza kulima tangu alfajiri hadi mchana. Lakini kukanyaga baiskeli kwa kasi kunatumia misuli mingine, na kunadai moyo na mapafu kwa namna nyingine. Usidanganyike kwa sababu una nguvu shambani.

JIPIME KWANZA

Huhitaji mashine. Unahitaji saa yenye mshale wa sekunde, au simu.

Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Utasikia mshipa unapiga. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Ukifanya mazoezi kwa wiki kadhaa, hesabu hiyo hupungua. Hapo utajua kwamba moyo wako unapata nguvu.

Sasa tafuta upeo wa mapigo yako. Chukua 220, toa umri wako. Kama una miaka 40:

220 – 40 = 180

Haya ni makadirio tu, maana watu hawalingani. Wakati wa mazoezi ya kawaida usizidi kama sehemu 7 kati ya 10 za upeo huo:

180 × 7 ÷ 10 = 126

Kama hesabu inakusumbua, tumia mdomo wako. Panda baiskeli huku unazungumza na mwenzako. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo wako ni mzuri kwa mazoezi. Ukiweza kusema neno moja moja tu, umezidisha.

Wako watu ambao wasiingie mbioni kabla hawajaonana na mganga wa zahanati au kituo cha afya. Nao ni hawa: mwenye shinikizo la damu, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye selimundu, mwenye pumu, mama mjamzito, na mchimbaji mwenye kikohozi kisichokwisha kwa sababu ya vumbi. Pia mtu yeyote aliyepita miaka 40 na ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, apimwe shinikizo la damu. Kupima ni kazi ya dakika chache tu.

MAZOEZI YA WIKI SITA

Bagika na Bagalu hawaingii uwanjani kushindana ngoma bila kufanya mazoezi. Kila chama kinajua kwamba mwenzake hajalala. Na mbio za baiskeli ni vivyo hivyo.

Mwili uliolala unahitaji kama wiki sita kuamka. Wiki moja haitoshi. Fuata mpango huu:

Wiki ya 1 na ya 2: Panda baiskeli siku 3 kwa wiki, dakika 30 kila siku, mwendo wa kuzungumza. Ruka siku moja katikati ili mwili upumzike.

Wiki ya 3 na ya 4: Panda siku 3 au 4, dakika 45. Katikati, kazana kwa dakika 1, kisha nenda polepole dakika 3. Rudia mara 4.

Wiki ya 5: Panda saa 1. Pita kwenye mchanga. Jifunze kushuka haraka, kubeba baiskeli begani hatua 50, na kupanda tena. Kazana kwa dakika 2, nenda polepole dakika 3, mara 5.

Wiki ya 6: Punguza. Panda mara 2 tu, dakika 30. Siku 2 kabla ya mbio, pumzika.

Wengi hufanya kinyume. Hukaa bure wiki tano, kisha wiki ya mwisho wanakazana kila siku mpaka usiku. Huyo anafika kwenye mstari akiwa amechoka tayari. Mazoezi ya siku ya mwisho hayakuongezei nguvu, yanakupunguzia.

MBIO NI JUMAPILI NAMI SIJAJIANDAA. NIFANYEJE?

Swali hili ni la wengi. Kama huna ugonjwa, unaweza kushiriki. Lakini kubali jambo moja kabla ya kuanza: siku hiyo hutashindana na vijana wanaofanya mazoezi. Utashindana na njia, ili umalize ukiwa mzima. Fuata haya:

1. Usinywe pombe usiku wa kuamkia mbio. Pombe hukausha maji mwilini. Lala mapema.

2. Kula saa 3 kabla ya mbio. Uji mzito au ugali na mboga laini unafaa. Nyama nyingi na mafuta mengi hukaa tumboni. Mfukoni weka matobolwa machache. Viazi hivyo vilivyochemshwa na kukaushwa vinatia nguvu, havimwagiki wala haviozi kwa jua. Wapanda baiskeli wa Ulaya hununua vyakula vya pakiti kwa kazi hiyo hiyo.

3. Kunywa maji kidogo kidogo kila unaposikia kiu. Usinywe lita mbili kwa mara moja. Kama mbio zinazidi saa moja, tengeneza kinywaji hiki: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Ni kile kile tunachompa mtu anayeharisha. Usizidishe chumvi.

4. Usimeze vidonge vya kutuliza maumivu, kama diklofenaki, eti ili usichoke. Vidonge hivyo haviondoi uchovu. Mwili ukiwa umepungukiwa maji vinaweza kuharibu figo.

5. Anzia nyuma. Waache vijana waondoke. Nusu ya kwanza ya njia nenda kwa mwendo wa kuzungumza. Nusu ya pili, kama bado una nguvu, ongeza. Utashangaa jinsi utakavyowapita wale waliokimbilia mbele.

6. Mchanga ukiwa mwingi, shuka mapema na usukume. Kukanyaga mchangani mpaka uanguke kunakula nguvu nyingi kuliko kutembea. Hata mabingwa wa dunia hushuka.

7. Ukimaliza usilale chini papo hapo. Damu nyingi bado iko miguuni, na unaweza kuona kizunguzungu. Tembea au endesha polepole dakika 10.

Siku ya pili miguu itauma. Hiyo ni kawaida kwa mtu ambaye hajazoea. Maumivu hayo huisha baada ya siku chache. Lakini ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

BAISKELI YAKO NAYO

Baiskeli zetu kubwa, kama Phoenix, zina uzito wa kama kilo 20. Toa keria, kengele na kila kisichohitajika. Kama njia ina matope, toa madigadi pia, maana udongo wa mbuga hujaa humo na kuzuia gurudumu. Chukua kijiti cha kukwangulia udongo.

Kagua breki, cheni na spoku. Tia mafuta kidogo. Pandisha siti mpaka mguu unyooke karibu wote pedali ikiwa chini. Siti ikiwa chini sana, magoti yatauma na nguvu itapotea. Mchangani, tairi iliyopunguzwa upepo kidogo inapita vizuri zaidi kuliko iliyojaa. Lakini usipunguze mno, tyubu itabanwa na kutoboka.

Akina mama nao wanashindana. Mama anayepanda asivae kanga ndefu au gauni pana, kwa sababu cheni huishika na kumwangusha. Kila mshindani, mke kwa mume, avae kofia ngumu. Hata ya pikipiki ni bora kuliko kichwa wazi, lakini ina joto, basi avue kila anaposimama kupumzika.

Na ukumbuke kwamba baiskeli hiyo ndiyo inayoteka maji nyumbani. Ukiipinda rimu kwa ajili ya kushindania mbuzi ambaye hukumpata, mkeo na watoto ndio watakaobeba ndoo kichwani.

DALILI ZA KUACHA MARA MOJA

Uchovu si hatari. Kuhema si hatari. Lakini ukiona mojawapo ya dalili hizi, simama:

— Kifua kinabana au kinauma, na maumivu yanakwenda begani, mkononi au kwenye taya.
— Kizunguzungu, au macho yanaona giza.
— Unasikia baridi na kutetemeka wakati jua ni kali.
— Kichwa kinagonga na unatapika.
— Unasahau njia au unasema maneno yasiyoeleweka.

Dalili hiyo ya mwisho ni ya hatari sana. Mgonjwa mwenyewe haijui, wenzake ndio wanaoiona. Mtu akiyumba, akaongea ovyo na ngozi yake ikawa ya moto, mwili umeshindwa kujipoza. Anaweza kufa.

Msicheke, wala msiseme amelewa. Mwondoeni juani. Mvueni nguo za juu. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Mtu mmoja atafute gari au pikipiki. Akiwa hajitambui msimpe kitu cha kunywa, maana kitaingia kwenye mapafu. Mpelekeni hospitali huku mnaendelea kumpoza njiani.

KUACHA SI AIBU

Jambo linaloweza kumuua mtu mbioni ni aibu. Mtu anasikia kifua kinabana. Lakini kando ya njia wapo shemeji zake, wapo watoto wake wanaopiga kelele, "Baba! Baba!" Anaona vibaya kushuka. Anaendelea.

Hebu sikia jambo hili. Mwezi Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na zaidi ya kilometa 260, katika vilima vingi. Walioanza walikuwa zaidi ya 160, wapanda baiskeli hodari wa nchi zao, wengi wao watu ambao baiskeli ndiyo kazi yao. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Je, waliomaliza walikuwa wangapi? Walikuwa 30 tu. Wengine wote waliacha njiani, na hakuna aliyewacheka.

Kama mabingwa wa dunia wanashuka, baba wa Maganzo anaona aibu gani?

USHAURI KWA WANAOANDAA MBIO

Wenzetu viongozi wa vijiji na wa michezo, nanyi mna kazi. Mbio ndefu za kwenda kijiji cha mbali na kurudi zina hatari moja: mtu akianguka njiani hakuna anayemwona. Igeni ile njia ya saiklokrosi. Pimeni mzunguko wa kilometa 2 au 3 kuzunguka kijiji, na washindani wapite mara kadhaa. Watazamaji wataona mbio zote, na mgonjwa ataonekana haraka. Anayechoka ataacha akiwa karibu na nyumbani.

Anzeni saa 1 asubuhi, kabla ya jua kali. Wekeni mapipa ya maji na kivuli. Mwalikeni mganga wa zahanati. Gari au pikipiki moja iwe tayari, na dereva wake asiwe mmoja wa washindani. Tena gaweni mbio kwa umri: vijana peke yao, waliopita miaka 40 peke yao, akina mama peke yao. Tangazeni mbio wiki sita kabla, wala si siku tatu kabla. Hapo watu watapata muda wa kufanya mazoezi.

Ndugu msomaji, kama unasikia kwamba kutakuwa na mbio sikukuu ijayo, usingoje. Tia upepo tairi leo. Kesho asubuhi panda dakika 30, polepole, huku unazungumza na jirani yako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu asiye na mazoezi huishiwa pumzi dakika chache baada ya kuanza mbio?
2. Mama mmoja ana miaka 35. Upeo wa mapigo ya moyo wake ni kama ngapi kwa dakika?
3. Mtu akianza kuongea ovyo mbioni na ngozi yake ni ya moto, mtafanya nini? Taja mambo manne.
4. Katika kijiji chenu, mzunguko wa kilometa 2 unaweza kupita wapi? Chora ramani.
5. Ni nani kijijini anayepaswa kupimwa kabla ya kuingia mbioni, na mtamshauri namna gani bila kumwaibisha?